Sukari Afungwa Kizazi

Apa kwanza. Sema wallahi simwambii mtu, hata mumeo, maana naye hukaa benchi lile lile! Haya, sikiliza.

Hapa Tsaramandroso, mbele ya kwa Fatoumia muuza kahawa, madaktari wa wanyama walikuja na gari. Mbwa wa mtaani wanafungwa kizazi na kuchanjwa kichaa, bure, mwisho adhuhuri. Sukari, lile jike la manjano, kajibanza chini ya benchi la wazee wanywa kahawa, hakamatiki. Alipozaa mara ya mwisho mtu akatupa nyama ya sumu: watoto sita wakafa, na paka wa Fatoumia juu yake!

— Mbwa akifungwa habweki tena, akasema Soulé, anayejiita Kapteni, kumbe alikata tiketi za feri ya Katsepy miezi miwili tu. Wezi watatubeba na vitanda!

— Hilo dogo, akasema Ahamada Redio. Dawa ile inaruka na upepo. Kule Ambatoloaka walifunga mbwa kumi, mtaa mzima hakuna mwanamume aliyepata mtoto!

Wote wakabana mapaja. Hahaa! Wazee wazima!

— Kazi bure, akasema Hamidou, tunayemwita Fundi kwa kuwa anasomesha watoto Kurani. Wahenga wamesema mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Kizazi wakikitoa, kitarudi.

— Si useme tu unamwonea huruma? Fatoumia akamchokoza.

— Mimi? Mbwa najisi! Simgusi, simtazami.

Mara akaja daktari mwenyewe, msichana mdogo, Laïla, kamba mkononi.

— Shikamooni wazee. Ananikimbia huyu, na sisi tunaondoka. Nani huwa anamlisha? Amwite tu.

Kapteni kakohoa. Redio kazimika, anatazama ndani ya kikombe.

Gari likawashwa.

— Mtamwachia tena yule wa sumu? Fatoumia akauliza, wala hakucheka.

Fundi akainuka, akachuchumaa.

— Sukari, mama, njoo.

Jike likatoka mkia juu, likamlamba mikono, likamlamba kanzu, naye kalibeba kifuani mpaka garini.

Nani kanambia? Rabiata, mkewe Fundi, aliyeiosha kanzu ile mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ya mate ya mbwa, akakuta mfukoni kichwa cha samaki.