Betri ya Mama Juu ya Benchi

Hebu mwone mshonaji, ameketi kwenye benchi nje ya karakana ya betri za magari, kahawa imempoa mkononi. Mapajani ana betri ya lithiamu, ya aina mpya, ya mashine inayompa mama yake hewa. Zamani umeme ukikatika ilidumu kwa saa nane. Sasa haifikishi hata saa moja. Leo, umeme ukiwapo, ameichomoa, akamletea Fundi Asidi, ambaye kazi yake ni kuongeza maji kwenye betri za malori. Kando yao yuko muuza magazeti tunayemwita Profesa. Mimi niko mwisho wa benchi, nakunywa yangu.

— Imekauka hii, alisema Asidi. Natoboa hapa, naongeza maji, mama atapumua mpaka atuzike sote.

— Acha ujuaji! alidakia Profesa. Humo mna kimiminika, elektroliti. Kila ukichaji, lithiamu inaota visindano, vinakila kimiminika, betri inachoka. Wataalamu wanatafuta mchanganyiko mwingine, lithiamu ijipange laini, isiote kitu.

— Wameupata? aliuliza mshonaji.

— Wanakaribia.

— Mama hawezi kuwasubiri wanaokaribia, Profesa.

— Basi tuchanganye wenyewe, alisema Asidi. Mafuta ya cherehani unayo? Si yanalainisha?

— Na chumvi, aliongeza Profesa, naye kashanogewa. Elektroliti haikosi chumvi.

— Chumvi gani? aliuliza Asidi.

— Chumvi ni chumvi, bwana! Unataka na pilipili?

Tulicheka. Hata mshonaji alicheka kidogo. Asidi akasimamisha msumari juu ya betri, akainua nyundo.

— Weka chini, kaka!

Alikuwa muuguzi wa zahanati, anayemhudumia mama, anapita na mkoba wake.

— Ukiitoboa itawaka. Ukitia maji ndiyo kabisa.

— Dada, tunamsaidia mama.

— Naona. Umeme umekatika mtaa mzima, nusu saa sasa. Betri iko hapa. Mama anapumulia nini?

Asidi alishusha nyundo. Mshonaji alikuwa ameshaanza kukimbia, betri kifuani, kiatu kimoja kimebaki chini ya benchi, na muuguzi nyuma yake.

Hawakuwahi.

Ukisahau visindano na chumvi, si neno. Nakuomba ukumbuke hili moja tu: mama alikuwa peke yake, na sote pale tulijua njia ya kwenda kwake.