Mzee Bisibisi na Nyasi za Mama

Ndugu waombolezaji, watoto wa marehemu walijaribu jana kusoma habari za baba yao, kila mmoja akaishia njiani, ndiyo maana kazi hii amekabidhiwa mpwa wake, naye anaomba mmvumilie. Mzee wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Bisibisi, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala na mama muuza mkaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1956 hadi 1963, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya mabomba tarehe 2 Desemba 1967, na mkuu wa chuo alimsifu kwamba ni kijana msikivu lakini mbishi, sifa ambazo hakupunguza hata moja mpaka siku ya mwisho. Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa na idara ya maji, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, akastaafu tarehe 30 Juni 2008, na miaka yote hiyo aliyachukia maji yanayopotea bure kuliko alivyowachukia wezi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Aprili 1975 na mwalimu wa chekechea, ambaye darasa lake lilisomea nje juu ya nyasi, viatu vikiwa vimepangwa pembeni, na Mungu akawajalia watoto wawili, mvulana ambaye sasa ni mhasibu, aliyezaliwa mwaka 1977, na binti mshonaji, aliyezaliwa mwaka 1981.

Mama, mkewe huyo, alianza kusahau mwaka 2015, kwanza sufuria jikoni, halafu njia ya dukani, halafu majina ya wanawe, na tarehe 3 Februari 2018 alimuuliza mumewe yeye ni nani na anatafuta nini chumbani kwake. Lakini asubuhi, akivuliwa viatu na kukanyaga ukoka wa mbele ya nyumba, akili ilimrudia kwa muda, akamshika mzee mkono na kumwita mume wangu. Daktari hakuwa na maelezo, na mzee hakumdai maelezo, alichojua ni kwamba nyasi zile ndizo zilizobaki za ndoa yake.

Ndipo bisibisi ilipomganda mkononi. Alimwagilia mara mbili tu kwa juma, alfajiri, kabla jua halijamnyang'anya maji, akiuacha mpira utoe maji taratibu mpaka bisibisi yake ndefu izame ardhini bila kulazimishwa, kisha alifunga koki na kuacha udongo ukauke juu, ili mizizi iteremke kuyafuata maji chini. Alikataa kabisa nyasi kunyolewa kipara, akisema kivuli cha jani ndicho kinachotunza mzizi. Jirani yetu fundi saa alipomtania kwamba haba na haba hujaza kibaba, aliambiwa kwamba methali hiyo ni ya nafaka, kwamba mzizi unaoletewa maji mlangoni kila siku huwa mvivu kama kijana anayepelekewa chai kitandani, na jua likikaza wote wawili wanaadhirika.

Tarehe 17 Oktoba 2023 alilazwa kwa ugonjwa wa figo, akakaa wodini hadi tarehe 9 Januari 2024. Watoto wake, ambao mapenzi yao hakuna wa kuyatilia shaka, walipeana zamu, kila jioni wakitoka kazini wakanyunyiza kidogo, na kila Jumamosi mhasibu akazikata nyasi hadi chini ili baba akirudi akute pasafi. Mabaka ya njano yalipotokea walidhani ni kiu, wakaongeza maji, majani yakalala na unyevu usiku kucha, ukungu ukaingia, na mizizi, iliyokuwa imepanda juu kuvifuata vile vitone, ikaoza. Hospitalini walimwambia nyasi hazijambo, kwa kuwa hawakutaka kumvunja moyo.

Aliporudi, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, hakukubali kuingia ndani kabla ya kupewa bisibisi yake, nayo ikazama kama kwenye uji, ikatoka na tope linalonuka. Hakugomba, aliuliza tu, "Mama yenu anakanyaga wapi siku hizi?" Mama alikuwa hakanyagi popote, alishinda sebuleni na viatu miguuni na mkoba mapajani, akisubiri kurudishwa kwao.

Mzee aliagiza udongo ufukuliwe, uchanganywe na mchanga, upandwe ukoka mpya, umwagiliwe kwa utaratibu wake, na alisogezwa dirishani kusimamia. Lakini ukoka unataka miezi, na figo hazikumpa miezi. Mama aliletwa chumbani mara nyingi, akamsalimu kwa adabu kama anavyosalimiwa mgonjwa wa watu, akamtakia nafuu, akatoka. Mzee alifariki hapa nyumbani Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, bila kuitwa tena mume, na familia imetafuta la kujifariji kuhusu hilo, haikulipata. Ameacha mke, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wafanyakazi wenzake wa zamani wa idara ya maji waliokuja na majembe kusaidia kufukua, majirani wote, na hasa fundi saa, aliyemsukuma kwenye kile kiti hata siku alizokuwa haongeleki.

Mama naye ameomba tuwafikishie neno, tukaona si haki kumnyima. Anawashukuru kwa kuja wengi namna hii, anaomba radhi kwamba viti havitoshi, na anawasihi msiondoke kwanza, mwenye nyumba ametoka kidogo, anarudi sasa hivi.

Pumzika, mjomba, na amani uliyoikosa huku uipate huko.