Gambusi la Hok na Santuri ya Siok-in

Wivu ukimwingia mtu haumwachi hata anywe chai. Hok, ambaye mji mzima wa Hengchun unamwita Gambusi, alikuwa kwenye benchi la duka la chai la Bi Gim tangu asubuhi, gambusi lake la nyuzi mbili magotini, chai imepoa. Redio ya dukani ilikuwa inapiga santuri ya kwanza ya Siok-in. Msichana huyo alikuja kwake kujifunza miaka mitano nyuma, hajui hata kukaza uzi! Leo watu wa Taipei wanamlilia, na jina la Hok halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

— Kaniibia, — alisema Hok.

— Kakuibia nini? — Bi Gim akamimina chai. — Tuni zetu ni za mababu, kila mtu anaimba hizo hizo. Maneno ndiyo unatunga yako. Kuimba maneno ya mwenzio ni sawa na kuvaa chupi yake.

— Kaniibia sauti!

Seng Profesa, fundi baiskeli, akaacha kujaza upepo.

— Mimi nimefanya utafiti. Ule mkwaruzo wa kooni si wake. Walimtafunisha vitunguu vibichi siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Profesa?

— Cha machozi, mama!

— Vitunguu wapi! — Hok akafoka. — Mwaka juzi bwana mmoja alinirekodi hapa hapa. Wakaikimbiza kanda mbio mbio, sauti yangu ikatoka ya kike.

— Lo! — Bi Gim akacheka. — Kumbe Siok-in ni wewe? Na ile picha ya gauni?

— Cheka tu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wenyewe ndio mimi.

Alijua anaropoka, lakini kuropoka kulimpoza moyo kuliko kunyamaza.

Mwalimu Iu, aliyehamia wiki hiyo, alikuwa anangoja baiskeli yake izibwe pancha. Akageuka.

— Samahani, kaka. Mimi mgeni. Wewe wimbo wako unasemaje?

— Wangu?

Hok akacheka, akakaza uzi, akapiga. Vidole havikukosea. Akafumba macho, akaimba kwa uchungu wa kweli:

*Upepo wa mlimani umeingia bila hodi,*
*umelala kitandani kwa marehemu baba.*

Seng akainamia tairi.

— Hok, — Bi Gim alisema polepole, — aliyefiwa ni Siok-in. Baba yako kanunua sigara hapa leo asubuhi.

Hok alihisi masikio yanawaka. Miezi mitatu ya kumsema yule binti, kumbe alikuwa anamsikiliza kila siku mpaka kayameza maneno yake yote.

— Mzuri sana huo, — alisema Mwalimu Iu, ambaye hakuiona aibu hiyo. — Basi tuimbie na wako.

Hok akamtazama Bi Gim. Bi Gim akatikisa birika, halikuwa na kitu.