Gaudensia Alfonce Magesa, Aliyeita Mugango Bila Kibali

Waheshimiwa mapadre, ndugu na majirani, mimi Leonardi, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu.

Gaudensia alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Butiama, mtoto wa pili wa Mzee Alfonce Magesa na Mama Tereza, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Musoma hadi mwaka 1975, na baada ya mafunzo ya mawasiliano Dar es Salaam akaajiriwa mwaka 1978 kuendesha redio ya upepo, ile ya kupokea na kutuma taarifa, katika ofisi moja ya serikali mjini Musoma.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Hezron Mayala wa Mugango, wakaishi mtaa wa Mukendo mjini Musoma, wakajaliwa watoto watatu, Jastin, Marieta na Ephraim.

Alasiri ya tarehe 9 Aprili 1994 redio ilileta habari kwamba mtumbwi umepinduka karibu na kisiwa cha Rukuba, lakini kanuni ya ofisi, iliyobaki tangu wakati wa vita, ilihesabu kila habari ya vyombo vya ziwani kuwa siri ya usalama, isipelekwe popote bila saini ya mkubwa, naye mkubwa alikuwa kwenye mkutano Bunda. Mwenzake alimsihi, "Mama Jastin, subiri, utafungwa wewe," naye akajibu, "Nikisubiri saini tutapokea maiti," akaita Mugango kwa redio, wavuvi wa huko wakatoka na mitumbwi ya injini, watu wote wakaokolewa isipokuwa mmoja, ambaye dada alimlilia miaka mingi.

Alisimamishwa kazi, kisha akahamishiwa masijala ya Bunda, mbali na redio aliyoipenda, lakini hakuna kikao alichokaa bila kuitaja kanuni ile, hata wengine wakawa wanamchekaga.

Alistaafu mwaka 2017, na serikali ilipokusanya maoni kuhusu kanuni zilizopitwa na wakati, alisimama akasema, "Siri za nchi zilindwe, nami nimezilinda, lakini mtu anayezama siyo siri." Kanuni ikafutwa mwaka 2022, na siku hiyo alipika sato, akaita mtaa mzima.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akatibiwa hadi alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025 alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mukendo waliompikia uji, na wafanyakazi wenzake wa Musoma na Bunda.

Dada, ulisema, ukasikika. Pumzika kwa amani.