Pamba kwenye Nyufa za Boti

Mwangaluka, ndugu zangu! Leo nina furaha, mtanivumilia.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Kimali. Nilijua ng'ombe, maji sikuyajua. Ukame ulipotumalizia mifugo nikashuka Lamadi, ziwani, nikapata kazi kwenye boti ya mbao ya mizigo. Boti kuukuu, imenizidi umri. Ilipita mwalo hadi mwalo, ikishusha chumvi na saruji, ikipakia mchele na dagaa. Mwenye nayo alikuwa mama mjane, sote tukimwita Mayu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuchota maji yanayoingia.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, lile ziwa nililiogopa. Nikawa nakunywa gongo nipate moyo. Asubuhi moja nikalala nimelewa, maji yakajaa. Wenzangu wakaiwahisha boti mchangani. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Lakini mchele wote uliloa, na mbao za chini zikaachana.

Mayu hakufoka. Alisema, "Boti hii imenisomeshea watoto wanne. Wewe umeilaza chini. Nenda kwenu."

Nikaja hapa Bariadi, nikazidi kunywa. Mmoja wenu, yule pale anayeinamisha kichwa, ndiye aliyenishika mkono akanileta kwenye kikundi hiki cha kuacha pombe. Nikakaa miezi sita bila gongo. Ndipo nikasikia Mayu anataka kuipasua boti iwe kuni. Nikapanda gari siku hiyo hiyo.

"Umefuata nini?" akaniuliza.

"Nipe nyundo na pamba, Mayu."

Jamani, alininusa mdomo! Mtu mzima mimi, nikanuswa mbele ya watu. Kisha akasema, "Fundi wa boti yuko kule mwaloni. Msikilize."

Wiki tatu tulisokota pamba, tukaichovya kwenye mafuta, tukaigongea kwenye kila ufa. Tulipoisukuma majini, niliingia mwenyewe ndani ya boti, chini kabisa, nikapapasa mbao.

"Kavu, Mayu! Kavu!"

Akapiga vigelegele mpaka wauza dagaa wakaacha mizani zao. Mimi nililia kama mtoto.

Sasa boti inafanya safari kila wiki, na nyufa zake nazitunza mimi.

Namshukuru Mayu, namshukuru yule fundi, nawashukuru ninyi mlionisikiliza nilipokuwa sisikiliziki. Ukiharibu cha mtu, usimtumie pole kwa mbali. Rudi pale pale, uliza kazi iko wapi. Wabheja sana!