Ngozi ya Mbuzi Niliyoikataa

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za asubuhi. Na ninyi wageni mliokuja leo kuangalia kama mjiunge na kikundi chetu cha upinde au msijiunge, karibuni Chemba. Msiogope, humu darasani hakuna atakayepiga mshale.

Mwenyekiti aliponiomba niseme, nilimkatalia mara mbili. Shuhuda nyingi nilizozisikia zinakwisha vizuri mno, na mimi nimesoma takwimu chuo kikuu, kitu kikikaa vizuri mno nakitilia shaka. Akaniambia, "Basi njoo useme hiyo yako ambayo haijakaa vizuri." Kwa hiyo nitasema ilivyokuwa. Majina sitataja, ingawa wengine mmekaa hapa na mnajijua.

Nilimaliza chuo Dodoma, nikabaki Mkonze kwa dada yangu, nikisubiri kazi. Kusubiri kazi ni kazi mbaya, ndugu zangu. Unaamka, unaoga, unavaa shati, halafu unakaa. Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi huku Chemba na ni mwanakikundi wa siku nyingi. Siku moja akanipigia simu. "Mjomba, umekaa huko unamaliza mchele wa dada yako. Njoo uvute upinde, angalau utoke jasho." Nikaja.

Mara ya kwanza nilipovuta na mshale ukaingia kwenye gunia la nyasi, ule mlio wake, pu!, niliusikia mpaka tumboni. Nilikuwa nimetuma barua za maombi ya kazi zisizojibiwa kwa miezi mingi. Hapa nimetuma kitu, kimefika, na nimeona kilipofika. Nikawa siwazi kingine.

Wageni, mna haki ya kujua kwamba kikundi hiki kina desturi moja. Ukiingia, unaitwa mnyonyaji, kama mtoto ambaye bado yuko ziwani. Wazee wangu, msicheke, ndivyo mnavyotuita. Mnyonyaji anasimama hatua nne tu kutoka kwenye gunia, anapiga macho yamefumbwa, msimu mzima. Hapewi shabaha. Na anavaa ngozi, kipande cha ngozi ya mbuzi kinachokaa kati ya vidole na upote, yaani kamba ya upinde. Aliyekuleta ndiye anakukatia. Mjomba alinikatia yangu, akaipaka mafuta ya ng'ombe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikauliza, "Ya nini?"

"Ya vidole."

"Inafanya nini kwenye vidole?"

"Mjomba, ndivyo tunavyofanya."

Nawaambia, ukitaka kunipoteza mimi, niambie hivyo. Nikageuka kuwatazama wapigaji wakongwe. Walikuwa watano mstari wa mbele, na wanne kati yao walipiga vidole vitupu. Vidole vyao vina sugu ngumu kama kwato. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Wanne kati ya watano hawavai, na ndio wanaolenga vizuri kuliko sisi. Ushahidi uko wapi kwamba ngozi inasaidia?" Mzee mmoja akasema, "Huyu msomi atatumaliza." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Aliichukua ile ngozi akaiweka kwenye podo lake la mishale.

Sikunyonya msimu mzima. Nilinyonya wiki tatu. Kisha nikaanza kutazama video kwenye simu, za wazungu wenye pinde ndefu kuliko wao wenyewe, nikachonga wa kwangu mrefu na mgumu. Kano la ng'ombe la kufanyia upote lilipochelewa kukauka nikaweka uzi wa nailoni, ule wa kushonea viatu. Mwembamba, haukatiki, mshale unakwenda kama umetukanwa. Niliushika kwa ndani ya vidole, karibu na kiganja, maana hapo ndipo nilipoona nina nguvu. Kiganja nakikunja, kiwiko kinashuka chini, navuta kwa mkono badala ya mgongo. Mnaojua mnatingisha vichwa. Wakati ule hakuna aliyetingisha. Nilikuwa napata shabaha, nani atamkosoa anayepata shabaha?

Malengelenge yalikuja, yakapasuka, yakawa sugu. Nilijisikia mwanamume. Nikirudi Mkonze nilikuwa nawaonyesha rafiki zangu wa chuo. Sugu ikizidi naipunguza kwa wembe.

Halafu ganzi. Ilianza ncha ya kidole cha kati, halafu cha pete. Asubuhi nikiamka nilihisi kama nimevaa kofia ndogo kwenye vidole. Na mimi ninayeuliza kila kitu, hili sikuliuliza. Niliwauliza wazee ushahidi wa ngozi, lakini vidole vyangu vyenyewe viliponiletea ushahidi niliutafutia maelezo. Nimelala vibaya. Baridi ya Dodoma. Nimeandika sana. Kuandika nini, na kazi sina? Nikafunga plasta, nikaendelea. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, baada ya maneno yangu yale?

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Ilikuwa asubuhi, tumemaliza mzunguko, na mjomba ametoka kwenda kung'oa mishale kwenye magunia. Sheria mnaijua, mtu akiwa mbele hakuna anayevuta. Mimi nilibakiwa na mshale mmoja, na nilikuwa nimeshauvuta. Nikamwona anatoka, nikasema moyoni, rudisha taratibu. Ninaapa, niliamua kurudisha. Vidole havikusikia. Sikuhisi upote ukiteleza. Nilisikia mlio tu, kama mtu mwingine amepiga.

Mshale uliingia ardhini mbele ya mguu wa mjomba. Hatua moja.

Alisimama akautazama. Hakupiga kelele. Aligeuka akaniuliza polepole, "Mjomba, umekusudia?"

Niliuangalia mkono wangu kama mkono wa mtu ambaye hatujafahamiana. Ndugu zangu, mnaweza kumwogopa nyoka, mnaweza kumwogopa mwizi. Mtu akiogopa mkono wake mwenyewe, atakimbilia wapi?

Niliuacha upinde palepale chini, nikarudi Mkonze.

Hospitali walinichomachoma kwa sindano, wakaniuliza nasikia au sisikii. Daktari akasema neva za vidole zimeumia kwa kubanwa muda mrefu. Nikauliza zitapona lini. "Zinaweza kupona." Nikauliza uwezekano ni kiasi gani. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, pumzisha mkono." Nilizoea kuuliza mpaka nipate namba. Hapa namba haikuwepo. Palikuwa na kusubiri tu, na kusubiri kwenyewe hakukuwa na mwisho ulioandikwa mahali.

Miezi iliyofuata sina sifa nayo. Dada yangu alinifunga vifungo vya shati. Nilikula ugali kwa kijiko, na watoto wake wakataka vijiko pia. Nilishika kalamu ikaanguka, nikaishika tena, ikaanguka, mpaka nikaitupa ukutani kwa mkono wa kushoto, na hata ukuta wenyewe nikaukosa. Siku moja niliitwa kwenye usaili, wa kwanza kwa miezi mingi. Walitaka tuandike mtihani kwa mkono. Nilikaa na karatasi tupu hadi muda ukaisha. Majibu nilikuwa nayo. Nilirudi nyumbani, dada akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Wengi walikuja." Akanifungua vifungo, hakuuliza tena.

Mjomba alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Sikupokea. Ningemwambia nini? Kwamba nusura nimuue kwa sababu sikutaka kuonekana nimeshindwa kwenye mabishano?

Kilichonigeuza hakikuwa ndoto wala maombi, ingawa najua dada aliomba sana. Ilikuwa Kibaigwa, sokoni. Dada alikwenda kununua mahindi ya nyumbani akanichukua nimsaidie, nadhani alichoka kuniacha nikitazama dari. Aliniambia nishike mdomo wa gunia wakati linashonwa. Nikashika, likaniponyoka, mahindi yakamwagika. Nikashika tena, yakamwagika.

Mshonaji alikuwa mtu mzima, amekaa juu ya kigunia, anashona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kwa mkono wa kushoto. Akanitazama vidole, si uso.

"Cha kati na cha pete," akasema.

"Umejuaje?"

"Upinde huo. Wa wapi, Chemba?"

Akanyoosha mkono wake wa kulia. Vidole viwili vimepinda, vimekauka. Akajichoma kwa shazia kwenye ncha ya kimoja, kidogo, bila hata kukunja uso. "Miaka mingi sasa. Nilikuwa mpigaji mzuri kuliko hao mnaowaona."

"Ulipiga bila ngozi?"

"Wakongwe walikuwa hawavai. Nami nikasema sivai."

"Uliacha lini?"

"Mshale ulipoanza kutoka wenyewe. Niliondoka kimya kimya. Nikasikia wanasema nimefuata biashara."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Akacheka, akavuta uzi wa gunia. "Nani aliniuliza?"

Nilikaa chini pale pale kwenye mahindi. Dada alidhani naumwa. Ndugu zangu, hili nilifundishwa mwaka wa pili, nikalifanyia mtihani, nikalifaulu. Usiwahesabu waliobaki peke yao. Wale wakongwe wanne niliowaona mstari wa mbele ni ambao vidole vyao vilistahimili. Ambao havikustahimili hawakuwa kwenye mstari. Walikuwa Kibaigwa wanashona magunia kwa kushoto. Nilidai ushahidi, nikautafuta mahali ambapo usingeweza kuwepo, halafu nikawachekesha watu.

Ijumaa iliyofuata nilipokea simu. Nililia kabla ya salamu, mjomba akasubiri, kisha akasema, "Umemaliza? Haya, shikamoo iko wapi?" Nikaja Chemba. Nikamwomba radhi. Nikamuuliza tena, kwa adabu safari hii, ngozi ni ya nini.

Alinijibu kitu ambacho sikukitegemea. "Mjomba, mimi mwenyewe sijui. Niliambiwa nivae, nikavaa. Uliponiuliza nilipata hasira kwa sababu sikuwa na jibu."

Basi tukakaa wawili tukalitafuta. Tulikata ngozi nyembamba, tukaona inajikunja upote unapoondoka. Tukakata mbili, tukazibandika pamoja, upande laini nje. Tuliona upote unatakiwa ukae kwenye kiungo cha kwanza cha vidole, si ndani. Mgongo wa kiganja unyooke. Kiwiko kikae mstari mmoja na mshale, na mfupa wa bega ndio uvute. Vidole kazi yao ni ndoano tu. Upinde wangu ule mgumu tuliukata, ukawa kuni. Uzi wa nailoni mama mmoja wa hapa alinipa kazi ya kuuondoa kwenye pinde za wote wenye nao, na nikifika kwa mtu anayebisha naye yupo nyuma yangu na mkasi.

Mimi nikarudi kunyonya. Hatua nne, macho yamefumbwa, upinde mwepesi wa kuchezea. Mwezi wa kwanza sikuachia mshale hata mmoja. Navuta, nashikilia, narudisha. Wanyonyaji wenzangu walikuwa wadogo zangu kwa miaka kumi, wananiita babu. Kila nikivuta naona mguu wa mjomba.

Kidole cha kati kilirudi. Nilijua siku dada aliponipa kikombe cha chai nikakiangusha kwa sababu kilichoma. Aliinama kuokota vipande huku akinisema, mimi nimesimama nacheka kama mwehu. Cha pete hakijarudi. Sijui kama kitarudi. Leo shati hili nimefunga mwenyewe, lakini nilianza mapema. Kazi bado sina. Mjomba akienda kung'oa mishale, mimi nauweka upinde chini na kurudi nyuma hatua tatu, na moyo wangu bado unakimbia. Mwenyekiti, ndiyo hiyo haijakaa vizuri, nimeisema.

Nawashukuru. Dada yangu, ambaye leo hakuweza kuja, kwa vifungo na kwa kutouliza. Mjomba wangu, kwa Ijumaa zote zile na kwa kukiri hajui. Yule ndugu wa Kibaigwa, nilimwomba aje leo, akasema soko limechanganya. Nadhani ni kweli, na nadhani pia si kweli.

Funzo langu si kwamba msiulize. Wanyonyaji, ulizeni. Wazee wangu, kwa heshima zote, "ndivyo tunavyofanya" si jibu, na anayelisikia ataondoka na upinde mgumu kwenda kujiumiza peke yake. Lakini anayeuliza asubiri jibu, na ngozi avae huku anasubiri. Na mwenye ganzi aseme siku hiyo hiyo. Hapa kwetu mtu akianza kufa vidole anaondoka kimya, sisi tunasema amefuata biashara, na mstari wa mbele unabaki na wenye sugu.

Kwa hiyo leo tunauliza. Naomba wote mnyooshe mikono ya kulia, viganja juu. Na wewe mzee wangu, samahani, na wewe. Mjomba atapita na sindano, atagusa kila ncha taratibu, unasema nasikia au sisikii. Hakuna kucheka.

Kaka uliyekaa dirishani, umekunja ngumi. Ifungue. Tunakuuliza.