Pikapu Iliyomsahau Bibi Harusi: Kwaheri ya Mama Faustina Kikoti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Faustina Kikoti anastaafu kazi ya usafirishaji katika ushirika wetu wa wakulima wa mpunga hapa Rujewa. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Ombeni wa karakana, niandike wasifu mfupi na wa heshima. Mfupi nitajitahidi. Heshima ipo, ila itabidi ivumilie kidogo.

Mama Kikoti alizaliwa Ilula, mkoani Iringa, akaja Mbarali akiwa binti aliyeajiriwa kupokea magunia getini. Magunia hayakumfurahisha. Kilichomfurahisha ni magari yaliyoyaleta. Alijifunza udereva kwa kuwasumbua madereva, akajifunza ufundi kwa kutusumbua mafundi, na kabla hatujajua kinachoendelea, yeye ndiye akawa anatupangia safari sote. Tangu hapo hakuna gari lililotoka uani bila yeye kuliamkia. Si dereva: gari. Analipiga kofi ubavuni, analisalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kisha anatega sikio injini ikiwashwa. Injini ikichelewa kuitika, safari imeahirishwa.

Mengi angeweza kusifiwa kwayo. Ndiye aliyepigania madereva wetu walale nyumba ya wageni badala ya kulala juu ya mizigo. Ndiye aliyekataa lori letu lipakiwe kupita kiasi siku ambayo hata mwenyekiti alikuwa anataka lipakiwe. Lakini ukimtaja popote kuanzia hapa hadi Iringa mjini, watu watakuuliza jambo moja tu: ni kweli habari ya ile harusi? Ni kweli. Nilikuwepo.

Mwaka ule pikapu yetu ilikata roho Chimala, katikati ya mavuno. Ndiyo iliyokuwa ikivuta mashine ya kupukuchulia mpunga kutoka shamba hadi shamba. Bila ya pikapu, mashine ilikuwa pambo. Wanachama walikuwa wamekwisha kata mpunga, umelala shambani, na ng'ombe wa Usangu hawajui kusubiri kikao. Kila asubuhi mkulima mmoja alikuja ofisini kueleza ni kiasi gani kimeliwa usiku. Ikaamuliwa tununue pikapu ya dizeli iliyotumika, yenye nguvu ya kuvuta, na tuinunue upesi. Jumamosi alfajiri tukaondoka kwenda Ipogolo, Iringa: Mama Kikoti, meneja wetu wakati huo Bwana Makame, na mimi.

Muuzaji aliitwa Anwari, kijana mcheshi mwenye uwanja wa magari kando ya barabara kuu. Meneja Makame alipenda palepale pikapu nyeupe yenye rimu zinazong'aa na redio inayotikisa vioo. Mama Kikoti hata hakuifungua mlango. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa kama aliyegusa sufuria.

"Mwanangu Anwari," alisema, "hii mmeshaipa chai kabla hatujafika?"

Anwari akacheka. Mama akaeleza, kwa faida ya meneja, kwamba gari linalopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika ni gari linaloona aibu kuwaka likiwa baridi. Kisha akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, na moshi ukatoka kama jiko la shule. Meneja akazima redio kwa huzuni.

Ya pili ilikuwa ya kijani, mbaya ya sura, lakini boneti lake lilikuwa baridi kama jiwe la mto. Ikawaka kwa mguso mmoja. Moshi wake ulikuwa mwepesi, ukaisha. Mama alilala chini yake na kitenge chake, akagonga chesisi yote kwa bisibisi akitafuta kutu na viraka. Akaweka gia ya tatu, akakaza breki ya mkono, akaachia klachi. Injini ikazima papo hapo, dalili kwamba klachi haitelezi. Akatoka amevimba kwa furaha.

"Imebaki kuivutisha mzigo," akasema. "Mlima ule pale. Mzigo uko wapi?"

Mungu ni mwema, mzigo ulikuwepo. Chini ya mlima wa kupanda mjini palikuwa na Coaster iliyoharibika, na ndani yake bibi harusi Gloria na shela lake, shangazi zake wanene kwa neema, pamoja na kikosi kizima cha matarumbeta. Walikuwa wanatoka Tanangozi kwenda kanisani mjini, ndoa ifungwe asubuhi ile. Bwana harusi alikwisha tangulia na gari lenye maua. Dereva wa Coaster alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameshika kichwa.

"Usilie, kaka," Mama Kikoti akamwambia. "Leo mtavutwa na wataalamu."

Tukafunga mnyororo kwenye kulabu ya nyuma ya ile pikapu ya kijani. Mama akashika usukani, meneja akakaa pembeni yake, mimi nikabaki na Coaster ili nisaidie kusukuma mwanzoni. Matarumbeta yakaanza. Pikapu ikanguruma, mnyororo ukakaza, Coaster ikasogea hatua chache, halafu tukasikia mlio kama bati linalochanwa. Bampa lote la nyuma, pamoja na kulabu yake, likang'oka na kulala mbele yetu barabarani.

Pikapu ikaendelea.

Tulipiga kelele. Wapiga matarumbeta, kwa nia njema kabisa, walidhani tunashangilia, wakaongeza sauti. Mama Kikoti hakusikia kitu, wala hakutazama kioo, kwa sababu alikuwa anatazama mshale wa joto la injini. Yaliyofuata alitusimulia meneja, kila mara akilazimika kusimama ili afute machozi. Anasema walipanda mlima ule kama upepo, Mama akipiga usukani kwa mapenzi.

"Meneja, isikilize! Inavuta kama haivuti kitu! Haina hata habari kwamba kuna mzigo!"

Waliingia uwanja wa kanisa kwa honi. Bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni na suti yake, jasho linamtiririka. Mama akashuka, akanyoosha kitenge, akasubiri shukrani.

"Mama, bibi harusi yuko wapi?" akauliza bwana harusi.

"Huyo hapo nyuma," akajibu Mama Kikoti bila kugeuka.

Bwana harusi akaenda nyuma. Akachungulia ndani ya bodi la pikapu. Akainama akachungulia na chini. Aliporudi peke yake, mama yake mzazi akaanza kuuliza kwa Kihehe, kwa sauti ya juu, huyu mwanamke amempeleka wapi mkwe wake.

Huku chini mimi nilikuwa nimekwisha mpigia simu Anwari. Alikuja na pikapu ambayo hatukuonyeshwa. Rangi yake ilikuwa imebabuka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, kiti cha dereva kina mto wa sebuleni. Lakini kulabu yake ilikuwa imeunganishwa kwenye chesisi yenyewe, nene kama mkono wangu. Akafunga Coaster, akaondoka gia ya kwanza bila haraka, na tukapanda mlima wote, shangazi wakiimba, Gloria ametoa kichwa dirishani akishikilia shela lisiende Dodoma. Mchungaji alikuwa amekwisha waimbisha waumini nyimbo zote alizozijua na ameanza kurudia. Bwana harusi alimkumbatia Gloria, kisha Anwari, kisha, kwa kupitiwa, dereva wa Coaster.

Mama Kikoti hakumkumbatia mtu. Alikuwa amelala chini ya ile pikapu iliyobabuka, miguu tu ndiyo inaonekana. Alipotoka, meneja alidhani ataomba msamaha. Aliuomba baadaye, tena kwelikweli, akipiga magoti mbele ya mama wa bwana harusi. Kwanza alikuwa na swali.

"Anwari mwanangu, hii bei gani?"

"Hii siuzi, mama," Anwari akajibu bila kufikiri. "Nikiuza hii, zile nyingine zitavutwa na nini?"

Uwanja mzima wa kanisa ulisikia. Kicheko kilichoanzia kwa shangazi kikasambaa hadi kwa mchungaji. Anwari alijishika mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na miongoni mwa waalikwa walikuwemo watu wawili waliokuwa wamepanga kwenda kwake Jumatatu kununua. Gloria ndiye aliyemwokoa. Njiani nilikuwa nimemsimulia shida yetu, naye akamgeukia Anwari pale pale kwenye ngazi za kanisa.

"Kaka Anwari, muuzie mama. Mpunga wa watu unaliwa na ng'ombe. Mimi nimefika, na wao wafike."

Anwari alikubali kwa sharti moja: Mama Kikoti awe anapita uwanjani kwake kila msimu, na gari atakalolikataa lisionyeshwe mteja. Mpaka leo anapita. Anwari anasema wateja wameongezeka na usingizi wake pia.

Pikapu ile tuliipa jina la Mshenga. Jumatatu asubuhi ilikuwa shambani inavuta mashine, na ng'ombe wa Usangu wakaambulia majani makavu. Bado tunayo. Kuhusu kulabu, Mama Kikoti hajakosea tena. Sasa hawezi kupita nyuma ya gari lolote bila kuipiga teke. Mwaka juzi, kwenye sikukuu ya ushirika, alipiga teke kulabu ya gari la mgeni rasmi mbele ya walinzi wake, akawaambia wasiwe na wasiwasi, iko imara.

Mama Kikoti anarudi Ilula kulima vitunguu na mumewe, Mzee Ambrosi, ambaye ametuambia kwa faragha kwamba anafurahi sana na anaogopa kidogo. Tunakushukuru, Mama, kwa kila aliyefika salama kwa sababu ulimkataza kuondoka. Nenda ukapumzike, vitunguu vikubali, magoti yasiume, wajukuu wakuchoshe vizuri. Ukimchoka Mzee Ambrosi, sisi tupo. Naye akikuchoka, aturudishie. Kiti chako hatujampa mtu.